Tuige Finland darasani na Estonia kwenye kura? Jibu kwa mwanafunzi wa Kwale

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne huku Kwale na ninaandaa hoja za mdahalo. Napendekeza mambo matatu: tufute mitihani ya kitaifa kama Finland, tupige kura kwa simu kama Estonia, na tumlazimishe kila raia kupiga kura kama Australia. Mwalimu wangu wa historia anasema zile ni nchi tajiri na mambo yao hayatufai. Mimi naona hiyo ni njia ya kukwepa hoja. Nani mwenye haki kati yetu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako ana kosa lake na wewe una lako. Nianze na lake kwa kuwa ni fupi.

Kusema "zile ni nchi tajiri" hakuelezi kitu. Finland ilipitisha sheria ya kumpa kila mwanafunzi chakula cha mchana bila malipo mwaka 1943, ikiwa vitani. Ilianza kuitekeleza nchi nzima mwaka 1948, huku bado inailipa Muungano wa Kisovieti fidia ya vita. Haikungoja itajirike kwanza. Vietnam nayo iliposhiriki mtihani wa kimataifa wa PISA kwa mara ya kwanza, mwaka 2012, wanafunzi wake wa umri wa miaka 15 walipata alama 511 katika hisabati wakawapita wenzao wa Marekani na Uingereza, na Vietnam haimo katika orodha ya matajiri ya mtu yeyote. Halafu sisi wenyewe hatujawahi kuacha kuchukua vya wenzetu. Karatasi ya kura ya siri, inayochapishwa na serikali na kutiwa alama faraghani, ilianza mwaka 1856 katika makoloni ya Victoria na South Australia. Mfumo wa 8-4-4 walioupitia wazazi wako ulianza mwaka 1985 kutokana na mapendekezo ya tume ya mwaka 1981 iliyoongozwa na Mkanada, Colin Mackay. Kwa hiyo swali la kama tuchukue au tusichukue lilikwisha kabla hujazaliwa. Lililobaki ni tunachukua nini, na tunaanzia wapi kukichukua.

Hapo sasa ndipo penye kosa lako. Umezitazama nchi hizo tatu jinsi zilivyo leo, ukachagua jambo la mwisho walilolifanya na kulipendekeza liwe la kwanza kwetu.

Chukua Finland. Si kweli kwamba hawana mtihani wa kitaifa. Wanao mmoja, mwishoni mwa sekondari ya juu, na ni mkongwe wa tangu karne ya 19. Wasichokuwa nacho ni mitihani ya kitaifa ya kuwachuja watoto njiani. Hadi miaka ya 1960 mtoto wa Finland alichujwa akiwa na miaka 11 hivi: wachache wakielekea shule za kuwaandaa kwa chuo kikuu, wengi wakibaki kwenye njia iliyoishia vibaruani na mashambani. Mwaka 1968 bunge liliamua njia hizo mbili ziunganishwe kuwa shule moja ya miaka 9 kwa watoto wote. Angalia walipoanzia. Mwaka 1972 walianza Lapland, kaskazini kabisa, ambako shule zilikuwa chache na watu wametawanyika, kisha mageuzi yakateremka polepole hadi yakafika eneo la Helsinki mwaka 1977. Hebu waza mtaala mpya wa Kenya uanzie Turkana na Tana River, Nairobi ikingoja zamu yake miaka mitano. Hilo ndilo jambo la Kifini ambalo sijasikia mwanasiasa hata mmoja wetu akilipendekeza.

Baada ya hapo wakamgeukia mwalimu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wameamua kwamba hata mwalimu wa shule ya msingi awe na shahada ya uzamili. Ukaguzi wa shule ulikuja kufutwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, yaani zaidi ya miaka 20 tangu uamuzi wa bunge. Ule uhuru wa mwalimu unaousikia ukisifiwa kwenye video ulikuja mwishoni, baada ya nchi kumgharamia mwalimu huyo kwa kizazi kizima.

Sisi je? Nusu ya pendekezo lako tumeshalitekeleza. KCPE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Mtaala wa umilisi ulianza madarasa ya chini mwaka 2019, na sekondari msingi ikafunguliwa mwaka 2023 ndani ya nyua za shule za msingi, nyingi zikiwa hazina hata chumba cha maabara. Waliotumwa kuwafundisha watoto hao ni walimu wachache, na kati yao wengi walikuwa walimu tarajali wanaolipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mmoja alijikuta akifundisha masomo ambayo hakuwahi kuyasomea chuoni. Mtihani tukauondoa, mwalimu tukamwacha alivyo. Ukisimama mdahaloni na kusema "tufute mitihani kama Finland", mpinzani mwerevu atakuuliza swali moja tu: kuondoka kwa KCPE kumemwongezea nini mtoto wa Kinango aliyeko gredi ya 7?

Nina wasiwasi mwingine pia. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ikiondoka kesho, nani ataamua kijana yupi asomee udaktari? Mtihani una ukatili wake, nimeuona kwa miaka mingi nikiwa mwalimu, ila una sifa moja: haumjui mjomba wa mtu. Katika nchi ambamo nafasi hutafutwa kwa barua na simu za wakubwa, alama zile ndizo silaha pekee aliyonayo mtoto wa mkulima wa korosho mbele ya mtoto wa mwenye jina. Finland iliweza kuacha kuchuja kwa sababu shule ya jirani na shule ya mbali zilikuwa zimekaribiana ubora, kwa hiyo kulikuwa na kidogo cha kugombania. Kwetu kuna shule yenye bwawa la kuogelea na kuna shule yenye madarasa mawili chini ya mwembe. Zikaribiane kwanza, ndipo tuzungumze habari za kufuta mtihani.

Na usije ukazungumza kana kwamba Finland ya leo ni ile ya miaka 20 iliyopita. Mwaka 2006 wanafunzi wao walipata alama 548 katika hisabati za PISA. Mwaka 2022 walipata 484. Wafini wenyewe wanabishana sana juu ya kilichoharibika, na sasa wao ndio wanaochungulia kwa jirani.

Jirani huyo ni Estonia. Mwaka 2022 ndiye aliyekuwa wa kwanza Ulaya katika hisabati za PISA, kwa alama 510. Umeitaja nchi hiyo upande wa kura, kumbe upande wa shule ndiko ilikostahili kutajwa kwanza, na pande hizo mbili zinahusiana kuliko unavyodhani.

Estonia ilirudisha uhuru wake mwaka 1991 ikitokea ndani ya Muungano wa Kisovieti, nchi ya watu wapatao milioni 1.3 hivi leo, wachache kuliko wakazi wa kaunti yako na ya Kilifi ukiwajumlisha. Mwaka 1996 ilitangaza mpango ulioitwa Tiigrihüpe, kuruka kwa chui milia, wa kupeleka kompyuta na intaneti katika shule zote na kuwafunza walimu kuzitumia. Mwaka 2002 ikaanza kutoa kitambulisho chenye chipu, ambacho raia alikuja kukitumia kulipia kodi, kufungua akaunti na kuchukua dawa. Mwaka 2005 tu ndipo ikajaribu kura ya intaneti, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, na waliopiga kwa njia hiyo hawakufika hata 10,000. Hao walikuwa kama wawili katika kila wapiga kura 100. Mwaka 2007 ikawa nchi ya kwanza duniani kuitumia katika uchaguzi wa bunge. Kura za intaneti zilikuja kuzidi nusu ya kura zote mwaka 2023. Yaani mtoto aliyeanza kubonyeza kompyuta darasani mwaka 1997 ndiye aliyekuwa mpiga kura kijana wa 2005 na mzazi wa 2023. Kura ile ilianzia shuleni.

Sisi tuliahidiwa vipakatalishi vya gredi ya kwanza mwaka 2013, na tangu 2016 zaidi ya vifaa milioni moja vilipelekwa katika shule za msingi. Tembelea shule tatu za karibu nawe uulize viko wapi. Pengine utaonyeshwa kabati lenye kufuli. Vifaa vilifika kabla mwalimu hajajua avitumie kwa somo gani, na havikuwa na fundi wa kuvitengeneza vinapokufa.

Jambo jingine: Waestonia hao hawakupiga kura kwa simu. Hadi uchaguzi wao wa bunge wa 2023 kura hizo zilipigwa kwa kompyuta, kwa kitambulisho au namba za siri za raia, na zoezi lilichukua siku kadhaa kabla ya siku yenyewe ya uchaguzi. Muhimu zaidi, mpiga kura anaruhusiwa kurudia. Ukipiga Jumatatu unaweza kubadili Jumatano, na kura ya mwisho ndiyo inayohesabiwa. Ukienda kituoni ukapiga kwa karatasi, ile ya intaneti inafutwa. Waliweka kanuni hiyo kwa kuwa walijua tatizo: ukipiga kura nyumbani, huna kibanda. Mume, mwajiri au mwenye fedha anaweza kusimama nyuma yako akitazama kioo.

Tatizo hilo kwetu ni kubwa mno. Unajua kama ninavyojua kwamba majira ya uchaguzi kuna watu huzunguka wakinunua vitambulisho vya wengine ili wasipige kura. Yule mzee anayepokea elfu moja asubuhi kisha akaingia kibandani na kumpa kura anayempenda, analindwa na ile karatasi na zile kuta za kadibodi. Wanaoimba "kula kwao, kura kwetu" wanautegemea ukuta huo. Mpe simu apigie kura sebuleni, na mnunuzi atakuwa amepata kile ambacho hajawahi kukipata tangu vyama vingi virudi: uthibitisho kwamba bidhaa imefika.

Hata huko kwenyewe mambo hayakwenda bila hofu. Mwaka 2017 iligunduliwa kasoro katika chipu za vitambulisho vipatavyo 750,000, ambayo ingeweza kumruhusu mtu kuighushi saini ya mwenzake. Serikali ilisitisha vyeti vya kadi hizo mwezi Novemba hadi zilipofanyiwa marekebisho. Walipita salama kwa sababu walisema ukweli mapema, na wananchi walikuwa na mazoea ya kuiamini mamlaka yao. Mamlaka ya namna hiyo haiagizwi kwa meli. Norway, iliyo tajiri kuliko Estonia, ilijaribu kura ya intaneti mwaka 2011 na 2013 kisha ikaiacha.

Mfano wa kura ninaoupenda zaidi kutoka Ulaya ni wa Ujerumani. Mwaka 2005 baadhi ya wapiga kura wao walitumia mashine. Watu wawili, baba na mwanawe, wakalifikisha jambo hilo mahakamani, na mwezi Machi 2009 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba matumizi yale yalikiuka katiba. Hakuna aliyethibitisha kwamba kura ziliibwa. Hoja ya mahakama ni kwamba raia wa kawaida, asiye na utaalamu wowote, lazima aweze kuzikagua hatua kuu za kupiga na kuhesabu kura. Asipoweza, uchaguzi si wa wazi. Sasa fungua Kifungu cha 86 cha katiba yetu. Kinataka njia yoyote ya kupiga kura iwe rahisi, sahihi, yenye kuthibitika, salama, yenye uwajibikaji na uwazi. Tumeandika karibu jambo lilelile, na sisi tumeliandika wazi ndani ya katiba yenyewe.

Tena tumelitenda, na hapa nataka ugeuze macho yako kutoka ng'ambo kidogo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Upeo ilibatilisha uchaguzi wa urais, jambo ambalo halikuwahi kutokea Afrika, na sababu kubwa zilikuwa namna matokeo yalivyosafirishwa na mitambo ambayo tume haikuifungua ikaguliwe hata ilipoamriwa. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, ikaweka picha za Fomu 34A kwenye tovuti, fomu ya kila kituo, na vituo vilikuwa zaidi ya 46,000, kila kimoja kikiwa na wapiga kura wasiozidi 700. Mwanafunzi mwenye bando angeweza kukaa kitandani akajumlisha mwenyewe. Vyombo vya habari vilijumlisha, vyama vilijumlisha, na wabishi wa vijiweni pia. Ndiyo, makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, na kesi ikaenda tena mahakamani, lakini safari hii mabishano yalikuwa juu ya hesabu ambazo kila mtu alikuwa nazo mkononi. Mahakama iliyathibitisha matokeo tarehe 5 Septemba.

Angalia teknolojia ilikaa wapi. Simu haikupiga kura, ilipiga picha. Karatasi ilibaki ndani ya sanduku, wakala alibaki na nakala yake, na nakala nyingine ikabandikwa mlangoni. Mtambo ukianguka, karatasi ipo. Ningekuwa wewe, ningeingia mdahaloni na hoja kwamba katika hili wageni waje kwetu.

Kama bado unataka kitu cha kuwashangaza wasikilizaji, waambie habari za Gambia. Huko mpiga kura hupewa gololi. Ndani kuna mapipa ya chuma yaliyopakwa rangi za wagombea na kubandikwa picha zao. Anaidondosha gololi kwenye tundu la pipa alitakalo, nayo inagonga kengele ndani, ngi! Kengele ikilia mara mbili, kila mtu nje anajua kuna aliyetaka kupiga mara mbili. Njia hiyo ilianzishwa miaka ya 1960 kwa ajili ya wasiojua kusoma. Ni kwa gololi hizo Yahya Jammeh, aliyetawala kwa miaka 22, alishindwa mwezi Desemba 2016. Alikubali, akageuka, na mwezi Januari akaondoka nchini.

Australia nitaisemea kwa ufupi. Takwimu zinakuunga mkono: mwaka 1922 waliojitokeza hawakufika asilimia 60, sheria ya lazima ikapita 1924, na uchaguzi wa 1925 ulivuta zaidi ya asilimia 91. Kenya tunashuka, kutoka kama asilimia 86 mwaka 2013 hadi takriban 65 mwaka 2022. Lakini hebu tazama serikali ya Australia inamfanyia nini yule inayemlazimisha. Uchaguzi ni Jumamosi. Anaweza kupiga katika kituo chochote cha jimbo lake, au mapema, au kwa posta. Maafisa huwafuata wagonjwa hospitalini na jamii zilizo mbali jangwani. Akikosa bila sababu, faini huanzia dola 20 za huko.

Kwetu mtu hupiga kura mahali alipojiandikisha tu. Dada wa Lunga Lunga anayefua nguo za watu Nairobi, kama alijiandikisha kwao, itambidi agharamie nauli ya kwenda na kurudi katikati ya wiki, maana katiba imetuwekea Jumanne ya pili ya Agosti. Umlipishe faini kwa kushindwa? Nawe ni mtu wa Kwale, huhitaji nikusimulie ya Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa na kujukuu hapo, na bado hawakuwa na vitambulisho. Mwezi Oktoba 2016 walianza safari kwa miguu kwenda Nairobi kumwona rais, na mwaka 2017 wakapewa vitambulisho wakiwa raia. Wapemba wa pwani walitambuliwa mwaka 2023. Kabla hujaandika sheria ya kumlazimisha raia apige kura, uliza ni wangapi dola haijawapa hata karatasi ya kuwaita raia. Mimi ningeuacha ulazima wa Australia na kuchukua ruhusa ya kupiga kura popote ulipo. Hiyo ingeongeza wapiga kura wengi bila kumtisha mtu.

Sasa nikupe mfano ambao hukuutaja, na ndio ningeutumia kuunganisha shule na kura, maana hoja zako tatu kwa sasa zimesimama kila moja peke yake.

Nenda Brazil, jimbo la Ceará, kaskazini mashariki, nchi ya ukame. Huko kuna manispaa inaitwa Sobral, yenye watu kama 200,000. Brazil kupiga kura ni lazima kwa mtu anayejua kusoma wa miaka 18 hadi 70. Hadi mwaka 1985 asiyejua kusoma hakuruhusiwa kupiga kura kabisa. Alipopewa haki hiyo, karatasi bado ilimtaka aandike jina au namba ya mgombea, na kura chungu nzima ziliharibika, hadi zilipokuja mashine za namba na picha tangu mwaka 1996. Basi wana vyote unavyovitamani, ulazima na teknolojia. Na bado Sobral ukuu wa shule uligawiwa kama shukrani ya kampeni. Umemsaidia meya, binti yako anakuwa mwalimu mkuu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 manispaa iliwapima watoto kusoma, ikakuta karibu nusu ya waliokwisha pita madarasa ya mwanzo hawawezi.

Walichofanya hakina mvuto wa kamera. Wakuu wa shule wakaanza kuchaguliwa kwa mtihani na usaili badala ya kadi ya chama. Kila mtoto akapimwa kusoma mmoja mmoja, mara kwa mara. Mwalimu akapewa mpango wa somo ulioandaliwa na mafunzo ya kila mwezi yanayohusu somo la mwezi huo, si nadharia. Lengo likawa moja, kila mtoto asome kabla ya kuingia madarasa ya juu, na wakakaa nalo hata mameya walipobadilika. Mwaka 2007 jimbo zima likatunga sheria kwamba sehemu ya kodi inayogawiwa manispaa itategemea watoto wake wanavyofanya shuleni. Meya mzembe akaanza kupoteza fedha. Kufikia 2017 Sobral ilikuwa ya kwanza katika kipimo cha taifa cha ubora wa elimu ya msingi, ikiyapita majiji tajiri ya kusini.

Mpango wa somo na kitabu kimoja kwa kila mtoto tuliwahi kuwa navyo. Tusome, iliyoenea nchi nzima kuanzia 2015, ilifanya hivyo katika kusoma kwa Kiswahili na Kiingereza madarasa ya chini, na ilisaidia. Kilichokosekana kwetu ni kile cha kwanza cha Sobral: kutenganisha shule na shukrani ya kampeni.

Huku kwetu shukrani hiyo inaitwa basari, yaani msaada wa karo. Serikali hutenga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na kwa kawaida fedha hizo huchelewa au hufika pungufu. Shule inadai, mzazi anahangaika, kisha mbunge anatokea uwanjani na hundi kubwa ya kadibodi. Fedha ni za kodi ileile. Zingeweza kwenda shuleni moja kwa moja bila mtu kuinama na kushukuru, lakini zikienda hivyo hazizai kura. Mahakama Kuu iliamua mwezi Septemba 2024 kwamba sheria ya hazina ya maeneo bunge, inakotoka basari hiyo, inakiuka katiba, na ukiona jinsi wabunge walivyoitetea utaelewa basari ina thamani gani kwao. Mzazi anayejua kwamba karo ya mwanawe inategemea sura yake kukumbukwa ofisini, ataingia kibandani akiwa na hofu ambayo hakuna programu ya simu inayoweza kuiondoa.

Kwa hiyo ningekushauri uibadili hoja yako ya mdahalo iwe moja: karo iende shuleni kwa kanuni iliyo wazi, kila senti, ili mtu asinunue kura kwa elimu. Mfano wako wa ng'ambo ni Ceará. Mfano wako wa nyumbani ni Fomu 34A. Kama fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani ndani ya siku chache, inashindikana vipi kuweka hadharani mgao wa kila shule, kila muhula, mzazi ajionee kilichotumwa na tarehe kilipofika? Mwalimu wako wa historia hataweza kusema hilo ni la matajiri. Finland uitaje pale tu unapouliza mageuzi yaanzie wapi, na jibu liwe kaunti za mwisho, si za kwanza.

Na usingoje bunge. Viongozi wa baraza la wanafunzi shuleni kwenu huchaguliwaje? Kama kura hukusanywa na kupelekwa ofisini, kisha majina yakasomwa gwarideni, omba zihesabiwe palepale darasani, mbele ya mawakala wa kila mgombea, na matokeo yabandikwe mlangoni kabla sanduku halijaondoka. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na huenda ukapigwa katika darasa hilohilo. Ukiwa umetimiza miaka 18, chukua kitambulisho mapema na ujiandikishe mahali utakapokuwa siku hiyo, si mahali ulipozaliwa. Jioni rudi mlangoni uipige picha fomu, kisha uilinganishe na ile itakayowekwa na tume.